Kimya cha Vitunguu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta mlimani, mimi na Kobe, tukichomeka kitunguu cha mwisho. Tumeshuka tukiteleza kama watoto, matope mpaka kwenye nyusi. Kobe jina hilo amelipata kwa mwendo wake, lakini leo kanipita mbio, na betri zake mgongoni.

Ripoti ya Mkuu nitaiandika kwenye kompyuta. Hapa naandika yangu. Nijieleze mara moja, ili nikija kuyasoma uzeeni nisipotee. Tunajaribu vihisi vinavyokusudiwa kwenda sayari ya Mirihi. Kila kimoja ni kidogo kama kikombe cha chai, kina kipande cha paneli ya jua juu na msumari mrefu chini, na kwa umbo hilo sote tunaviita vitunguu. Kazi yake ni kuisikiliza ardhi: imeinama, imetetemeka, imelowa. Hakuna fundi atakayekwenda Mirihi kubadilisha betri, kwa hiyo kitunguu hulala karibu muda wote. Huamka kidogo, huipapasa ardhi, na kama hakuna jipya hulala tena. Kikiona jipya humnong'oneza jirani, jirani naye humpa jirani yake, mpaka habari inafika kwenye antena yetu juu ya paa la ghala, ng'ambo ya mto.

Mlima huu ulikuwa volkano, sasa umekufa, na udongo wake unafanana na wa kule. Tulipaswa kuondoka kabla ya mvua. Mkuu amesema tubaki. Kule vumbi hufunika jua kwa wiki nyingi, na anataka kuona vitunguu vitaishije kwa jua haba. Mawingu ndiyo yatakuwa vumbi letu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kobe analala ghalani, mimi nimepanga chumba kwa Mama Pacha, mtaa ule ulio chini kabisa ya mteremko. Mumewe ni fundi cherehani. Ameweka meza yake mbele ya dirisha la sebuleni na hakuna anayepita njiani bila kuchokozwa.

"Mwanaanga," ameniambia leo, uzi mdomoni, "huko Mirihi watu wanavaa nini?"

"Huko hakuna watu, Fundi."

"Sasa mnapeleka mitambo ikamsikilize nani?"

Mama Pacha akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwache mtoto wa watu ale!"

Pacha wao wameshaoa, wanaishi mbali. Nadhani mimi nimekalishwa kwenye nafasi zao, zote mbili, maana chakula ninachopakuliwa ni cha watu wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Vitunguu vyote vizima.

Jumanne, 11 Machi

Mkuu kapiga simu kutoka makao makuu. Ndiye aliyenifundisha chuoni, ndiye aliyenitoa kwenye kibanda cha kutengeneza simu akaniingiza kwenye kazi hii, na mpaka leo nikisikia sauti yake nakaa wima kama niko darasani.

Betri zinashuka haraka kuliko alivyotarajia. Anataka tuondoe salamu. Salamu ni ile "nipo" ambayo kila kitunguu hutuma asubuhi hata kama hakina la kusema. Ukijumlisha salamu ya kila kimoja na zile kinazowapitishia majirani, ndiyo inayokula betri kuliko kazi nyingine zote.

"Kisicho na la kusema kinyamaze," amesema. "Kimya ndiyo habari yake. Maana yake hakuna kilichobadilika."

Nimeona ni wazo zuri ajabu. Nimeandika programu mpya mchana kutwa, na kabla giza halijaingia nikairusha mlimani. Kobe alisimama nyuma yangu akitafuna kalamu.

"Na kikifa?" akauliza.

"Kikifa nini?"

"Kikifa kitasemaje?"

"Hakitasema, Kobe. Ndiyo maana ya kufa."

Tukacheka wote wawili.

Jumamosi, 15 Machi

Betri zimepanda, kwa vile vichache vilivyoongea. Mkuu katuita majembe. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Nguo hazikauki, mkate unaota ukungu ukiwa bado haujakatwa. Mlango wa mbele wa Mama Pacha umekaza kwenye fremu, na Fundi ameushusha na kuupiga randa.

"Umenenepa," anasema. "Unakula bure kama mpangaji wetu."

Jumatatu, 24 Machi

Vitunguu vimeamka.

Asubuhi ilikuwa kimoja, cha katikati ya mteremko. Kufikia mchana ilikuwa safu nzima. Kila kimoja kinasema neno lilelile: nimeinama. Mwinamo wenyewe ni mdogo mno, hata unene wa ukucha haufiki, lakini kimeusikia, kimeusema, na neno limepita kwa jirani na jirani mpaka kwenye paa letu. Mimi na Kobe tulipigana viganja kwa furaha. Miaka miwili tumekuwa tukiota siku kama hii.

Ndipo Kobe alipochora mishale kwenye karatasi, mshale mmoja kwa kila kitunguu, kuonyesha kilikoinamia. Mishale yote ilielekea upande mmoja. Aliitazama karatasi, akatazama nje ya mlango wa ghala, ng'ambo ya mto, kwenye mapaa ya mabati chini ya mteremko. Moshi wa jiko la Mama Pacha ulikuwa unaonekana.

Nilimpigia Mkuu.

"Hongereni sana," alisema. "Mtandao unafanya kazi."

"Mkuu, chini ya mteremko huo kuna watu. Nami nalala huko."

"Udongo wa namna hiyo huvimba ukilowa. Endelea kuangalia. Usimtie mtu hofu."

Nimerudi nyumbani. Fundi kaniuliza Mirihi hawajambo. Nikasema hawajambo.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Vimeinama zaidi.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Zaidi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda kwa Afisa wa Maafa bila kumuaga Mkuu. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya: benchi, makoti ya mvua yenye viraka, ramani ya ukutani ambayo katikati yake, hasa ulipo mlima wetu, imeliwa na mchwa. Mwenyewe ni mtu mzima mwenye macho ya kukosa usingizi. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Mitambo hiyo ina kibali cha nani?"

"Ni ya majaribio."

"Ya kujaribu nini?"

Niliona aibu kabla sijafungua mdomo. "Ya kwenda sayari nyingine, Afisa."

Hakucheka. Heri angecheka. Aliandika kitu, akasema atalifikiria, na mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaanza kueleza habari za daraja.

Jioni Mkuu alikuwa ameshapata habari. Sijawahi kumsikia amekasirika hivyo. "Sisi si watabiri! Ukipiga kelele na mlima usianguke, hakuna atakayetusikiliza tena. Ukianguka, wataniuliza nani alituruhusu kupima maisha ya watu kwa mitambo isiyo na kibali." Akakata simu. Nilibaki nimeishika sikioni. Kilichoniuma ni kwamba yote mawili aliyosema yalikuwa kweli.

Jumatano, 2 Aprili

Maji ya chemchemi nyuma ya nyumba yametoka mekundu. Hapo juu kidogo, kwenye shamba la jirani, ardhi imepasuka mstari mrefu, mtu anaweza kuingiza kiganja.

Afisa kaja mwenyewe, kwa pikipiki, koti lake likivuja. Hakwenda kwenye ufa kwanza. Alikuja ghalani, akaomba kiti, akakaa mbele ya skrini yetu. Vitunguu vilikuwa vinaita kimoja baada ya kingine, na kila kinachoita huwaka chekundu. Alitazama muda mrefu. Kisha akainuka, akavaa kofia yake ngumu ya pikipiki, na kabla ya mchana kwisha mtaa mzima ulikuwa unahamia shuleni.

Nilikuwa nimemweka moyoni mahali pabaya mtu huyu. Nimemtoa.

Mama Pacha kabeba magodoro, sufuria na kuku aliyefungwa miguu. Fundi kazunguka ile cherehani yake ya chuma mara kadhaa, kaishika huku, kaishika kule, mwisho kachukua mkasi na utepe wa kupimia tu.

"Itanisubiri," alisema. "Haina miguu."

Jumamosi, 5 Aprili

Mtaa mzima uko madarasani, kila familia imejikatia kipande kwa madawati. Mimi nimehamia ghalani, upande wa pili wa rafu za Kobe, ambaye anakoroma. Nilipowapelekea mafuta ya taa, nilimkuta Fundi amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yanamgusa kidevu.

"Shule niliikimbia nikiwa darasa la nne," aliniambia. "Ona sasa, imenifuata mpaka imenikamata."

Watu wanakohoa. Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Kobe kaniamsha kwa kuniwekea karatasi usoni. Ni hesabu za betri.

Vitunguu vya mteremko vinaongea mno. Kila kimoja kikiita, majirani lazima waamke kukipokea, na kila anayeamka anakula akiba yake. Jua hakuna. "Vinajimaliza kwa kusema," alisema Kobe. "Siku chache hivi, basi."

Nimeandika programu nyingine: viongee mara chache, na salamu ya asubuhi irudi, ili tujue kilichokufa na kilicho hai. Nikairusha. Vikajibu vinne. Nikairusha tena. Viwili.

Kitunguu chenye betri iliyoshuka hufunga redio kwanza, kuongea na kusikia, maana redio ndiyo mlaji mkubwa. Nguvu iliyobaki hukitosha kuipapasa ardhi tu. Mimi ndiye niliyevifundisha hivyo. Chuoni nilipewa zawadi kwa ajili hiyo. Sasa naviita na haviwezi kunisikia, kwa sababu vinanitii.

Nimeirusha programu siku nzima. Kobe mwisho kaja akaninyang'anya kibodi, taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumejaribu kupanda na betri mpya mgongoni. Njia haipo. Penye njia pana bonde jipya la matope, na juu yake ule ufa, ambao sasa unammeza mtu. Kobe alizama mpaka kiunoni na nilimvuta kwa kamba ya begi, nikilia na kumtukana. Alipotoka hakuinuka, alikaa tu kwenye majani akipumua.

"Mimi nina mke," alisema.

Tukarudi.

Jumamosi, 12 Aprili

Asubuhi viliita vitatu. Mchana kimoja. Tangu hapo hakuna.

Skrini yote ni kijani. Tuliipanga hivyo tangu Machi: kisichosema kina amani, na penye amani pawe kijani. Kijani kizuri, kama majani baada ya mvua. Nimebandika karatasi juu yake: SI KWELI.

Jumatatu, 14 Aprili

Afisa kaja. Mwalimu mkuu wa shule anataka madarasa yake, mitihani imekaribia. Watoto wawili wamelazwa kwa kifua. Wazee wanamwambia kila asubuhi kwamba nyumba zao zinaibiwa mabati. Aliniomba aione skrini. Aliiona karatasi, akaiinua kwa kidole, akaona kijani chini yake.

"Madude yenu yamenyamaza," alisema.

"Yamekufa, Afisa. Yameishiwa betri. Hayo yaliyonyamaza hatujui kitu juu yake."

"Juzi uliniambia yakipiga kelele ni hatari."

"Ndiyo."

"Leo unaniambia yakinyamaza ni hatari."

"Ndiyo."

"Sasa, dada yangu, ni lini si hatari?"

Kobe alijaribu kueleza habari za redio na akiba, akachanganya maneno. Afisa hakutusema vibaya. Alikuwa amechoka tu, na kikohozi cha shuleni kilikuwa kimeshamwingia na yeye.

"Mvua imepungua," alisema akiwa mlangoni. "Wewe mwenyewe si unaona?"

Nilimpigia Mkuu nikamwomba ampigie Afisa, yeye ana cheo, yeye ana ndevu nyeupe, watamsikia. Safari hii hakunifokea. Alisema hawezi kumpigia afisa wa chini bila kupitia kwa wakubwa zake, ila ataandika leo leo.

Jumanne, 15 Aprili

Mkuu anasema ameandika. Manyunyu tu.

Jumatano, 16 Aprili

Wamerudi nyumbani. Nilisimama darajani nikazungumza na kila aliyepita. Nilisema mpaka nikajisikia mwenyewe kama kasuku. Wengi walinishukuru, wakapita. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni kaniambia, "Tangu mje na hayo madude yenu ndipo mlima umeanza kuumwa." Watu wakacheka, na cheko lenyewe lilikuwa la kunisikitikia.

Fundi alikuja mwisho, godoro kichwani.

"Fundi, nakuomba. Siku tatu nyingine. Jua likitoka vitunguu vitaamka, vitatuambia wazi."

"Visipoamka?"

"Siku nyingine tatu."

Aliliteremsha godoro, akalisimamisha ukingoni mwa daraja, akaliegemea. "Mwanangu, mimi nakuamini. Ndiyo maana nilikimbia siku ile bila kuuliza. Lakini nina sare za shule za watu, na nina mgongo wa mzee, na sakafu ya shule si kitanda. Wewe umehamia ghalani. Sisi tunahamia wapi?"

Nilisema waje ghalani wote wawili. Akacheka. "Na Kobe anavyokoroma? Mama Pacha amenisimulia ulivyomlalamikia."

Akainua godoro lake. Nilimsaidia kulisawazisha kichwani. Hilo ndilo nililoweza kumsaidia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kuwaona. Ule mlango uliokuwa umekaza unafunguka wenyewe sasa, hata haushiki. "Umepungua," Fundi anasema. "Mlima umekaa sawa." Mama Pacha alimtazama, akanitazama mimi, kisha akarudi kuchambua mchele.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua imekata. Mawingu yapo. Skrini kijani.

Jumamosi, 19 Aprili

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, halafu nitalala, kama nitaweza.

Asubuhi ilikuwa shwari, ya kwanza ya namna hiyo tangu nije. Wanawake wa mtaa walikwenda shuleni kufua blanketi na kusafisha madarasa, kwa sababu waliona si adabu kuyaacha machafu. Mama Pacha alikuwa miongoni mwao. Alipita ghalani na ndoo, akaniachia viazi vya kuchemsha.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nje nikianika soksi kwenye waya wa antena. Nilisikia sauti kama ya lori lililoshindwa kupanda kilima. Nilitafuta lori barabarani. Halikuwepo. Ndipo nikaona miti ya mteremko inatembea. Sikuweza kuliamini jicho langu: miti ilikuwa imesimama wima kabisa, yote, inatembea kushuka, polepole, kama watu walio kwenye foleni.

Nilipiga kelele. Kutoka pale mpaka mtaani ni mto na shamba zima, hakuna sauti inayofika. Kobe alitoka na pembe ya kufukuzia ng'ombe iliyokuwa ikining'inia ghalani, akapuliza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Niliona mtu mmoja mtaani akigeuza uso, akatutazama sisi. Alikuwa anatutazama sisi, na mlima uko nyuma yake. Nilimwashiria kwa mikono yote miwili: nyuma, nyuma! Akanipungia mkono.

Halafu miti ikaanguka yote kwa pamoja na haikuwa polepole tena. Yale mabati yalikunjamana mara moja. Kisha pakawa pekundu, sawasawa, kama shamba lililolimwa, na upepo wenye harufu ya udongo ukatufikia ng'ambo, ukaangusha soksi zangu.

Tulikimbia. Ninachokumbuka ni kwamba daraja lilikuwa zima na hilo lilinishangaza. Wanaume walikuwa wanachimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Afisa alifika kabla ya wote, sijui alitokea wapi, akachimba bila koti, kucha zinavuja damu, hakuniangalia hata mara moja. Tuliwapata yule mama wa darajani na mtoto wake, wazima, mlango wao ulikuwa umewafunika. Hatukumpata Fundi. Mama Pacha alikuwa amesimama pembeni na blanketi la shule begani, bado linadondosha maji. Hakulia. Alikuwa anawaelekeza wachimbaji. "Hapo ni jikoni. Sogeeni kushoto. Sebule iko kushoto."

Giza lilipoingia Afisa aliamuru watu watoke, mlima bado unatoa vishindo. Alinipita, akasimama.

"Uliniambia," alisema.

"Sikukuambia vizuri."

"Uliniambia," akarudia, akaenda.

Jumatatu, 21 Aprili

Wamempata Fundi. Ni sita kwa jumla.

Ijumaa, 25 Aprili

Mkuu kaja juzi kwenye maziko, akabaki. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia, siku nyingi, nimeyapanga mpaka pa kuvuta pumzi. Nilimkuta amekaa ghalani mbele ya skrini, kijani chote kikimmulika usoni. Amezeeka. Viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimejaa matope na alikuwa hajavivua.

"Barua yangu wameijibu leo," alisema. "Wanaomba maelezo zaidi."

Nilikaa. Maneno yangu yote yalikuwa yamekwisha.

"Salamu," alisema baadaye. "Nilisema mimi tuiondoe."

"Ulisema wewe. Niliandika mimi."

Kobe alituletea chai, akakaa na yeye. Nilijaribu kumchukia yule mzee na nikashindwa, na nilipojaribu kumheshimu kama zamani nikashindwa pia.

Jumanne, 29 Aprili

Jua.

Jumamosi, 3 Mei

Jua siku ya tano mfululizo. Tulikuwa tunafungasha. Nilikuwa tayari kuzima mashine ya kupokea, mkono uko kwenye swichi, ndipo kitu kikaita.

Kilikuwa kitunguu cha ukingoni, kimoja cha vile vilivyobaki juu ya kovu la mlima. Baada yake kingine. Kisha vyote vilivyosalia, kwa pamoja, vinapishana, skrini inawaka kama imeshika moto. Kobe aliliacha sanduku likaanguka.

Nilidhani mlima unatembea tena. Nikaangalia tarehe za hizo habari. Zilikuwa za tarehe kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa Aprili. Kuandika kwenye kumbukumbu hakuli betri karibu kitu. Vilikuwa havijafa. Vilikuwa vimekosa nguvu ya kusema tu, na kila kilichosikika ardhini vilikiandika, vikaweka, vikasubiri jua. Jua limetoka, betri zimejaa, na sasa vinatimiza wajibu wao. Vinatupa habari kwa mpangilio, bila kuruka hata moja.

Alhamisi: nimeinama. Ijumaa: nimeinama zaidi. Jumamosi asubuhi: zaidi, zaidi, zaidi, kila vinapoamka, mpaka mchana.

Kobe alitoka nje. Mimi nilipokea zote. Sikuona kama nina haki ya kuzima.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kwa Mama Pacha. Anakaa kwa dada yake, nyumba ya karibu na kituo cha afya, mpaka wanawe waje kumchukua. Nilikuwa nimekaa na jambo hili siku mbili. Kobe aliniambia nisimwambie, itamsaidia nini. Mkuu, kwa simu, alisema uamuzi ni wangu.

Nilimkuta kwenye kibaraza, ameketi kwenye mkeka. Alinisogezea nafasi. Nikamweleza, kwa maneno mepesi niliyoyapata: kwamba vitunguu vimeamka, kwamba vilikuwa vinaona siku zote zile, kwamba havikuwa na nguvu ya kuita.

"Kwa hiyo Jumamosi mlima ulianza saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, Mama. Ulikuwa unaongeza mwendo tangu asubuhi."

"Nilipotoka kwenda kufua."

"Kabla hujatoka."

Alitazama barabarani. Watu walikuwa wanapita na shughuli zao.

"Vingeita, kungekuwa na muda wa mtu kutoka? Mtu mwenye mgongo mbovu?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuja na hilo neno tayari.

"Muda ungekuwepo," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akanishika mkono, kwa nguvu, hivi anavyoshika mtu anayetaka kuinuka akakosa pa kushika. Nikakaza miguu nimvute. Hakuinuka.